Oktoba, Bei Inaposhuka

Euro elfu nne na mia tatu.
Nimezihesabu mezani, nikazihesabu tena
kana kwamba huzaana zikiguswa.
Ni miaka sita ya zamu za usiku
katika chumba cha kufulia, hospitali ya Kajaani,
mashuka ya wagonjwa yakizunguka nyuma ya kioo
nami nikizunguka nayo, mahali pengine kabisa,
kwenye kona ndefu ya lami.

Binti yangu Venla akauliza: Mama, viti viwili?
Nikamjibu: kimoja changu.
Cha pili nitaweka mkoba.

Shemeji Onni alikuja na sumaku ya friji,
ile yenye umbo la stroberi.
"Macho huposa haraka," alisema.
"Sumaku haiposi."

La kwanza lilikuwa Oulu, jekundu
kama mdomo uliopakwa kwenda harusini.
Kijana muuzaji, viatu vyeupe,
alikwisha kuliwasha kabla hatujafika.
Onni akagusa boneti, akanitazama:
injini iliyopashwa moto mapema
ina siri yake ya asubuhi.
Akaweka sumaku mlangoni, ikashika.
Juu ya gurudumu la nyuma, ikaanguka
kwenye changarawe, stroberi kichwa chini.
Akaiokota, akairudisha. Ikaanguka.
Lipu tupu, na rangi juu yake.
Uzuri wa mkakasi, nikawaza,
na kipande chenyewe cha mti
kinauzwa elfu nne na mia mbili.

La pili, Iisalmi, rangi ya fedha.
Ekzosi pana kama sufuria ya msibani,
bawa nyuma, taa za buluu chini ya viti.
Lilikuwa na kila kitu ila risiti.
Nikaliendesha. Gia ya pili ikagoma
kama mtoto anayefumba mdomo mbele ya uji.
"Likipata moto itaingia tu," akasema mwenyewe,
akaendelea kusifu, kilomita nne nzima.
Kizuri chajiuza.
Hiki kilitembezwa kwa mdomo.

La tatu hakuna aliyelipiga picha vizuri.
Nyuma ya zizi, Sotkamo, kwa mjane aitwaye Impi:
Mazda ya kijani, ya mwaka tisini na nane,
turubai imeshonwa kwa uzi wa ndoana.
Kutu ipo, waziwazi, mbavu za chini, pande zote mbili.
Onni akapenyeza kidole
hadi pingili ya kwanza.
"Marehemu alijua," Impi akasema. "Aliandika."
Akaleta daftari:
kila oili, kila mkanda, kila plagi,
na pembeni, kwa penseli, hali ya hewa.
*Tarehe tatu Julai. Klachi mpya.
Mvua. Tulifika ziwani hata hivyo.*

Onni akapiga hesabu ya kuchomelea: mia tisa.
Matairi mawili. Bima. Akakuna shingo.
Mimi nilikwisha ingia ndani.
Kiti kilikuwa na bonde la mtu mwingine,
pana kuliko mimi.
Nikakaa ukingoni mwake, kama mgeni.

Sikubembeleza bei. Impi ndiye aliyeshusha,
mia mbili, kwa sharti
nisibandue stika ya bata kwenye dashibodi.
Sikuuliza kwa nini bata.

Sasa ni Januari. Barabara zimemwagiwa chumvi,
na chumvi kwa chuma kama hiki ni fisi.
Halitoki bandani hadi Mei.
Nikitoka zamu, saa moja asubuhi, giza bado,
naingia na chupa ya kahawa,
nakaa, koti, kofia, glavu.
Klachi chini. Moja.
Mbili, inaingia, sauti ndogo
kama ulimi ukiachana na kaakaa.
Tatu.
Nje theluji inafukia nyayo zangu.
Nne.

Kwenye daftari, chini ya mwandiko wake, nimeandika:
*Tarehe kumi na tisa. Hakuna kilichotengenezwa.
Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Nimefika gia ya tano.*