Mkono wa Kuazima

Umeme umerudi saa nane na robo.
Barabara ya Nasser inakohoa, mashine zinaanza kumeza karatasi,
na Dramadri yuko mlangoni na simu iliyopasuka kioo:
"Dada Nyakato, nifanye niogopwe."

Nimewafanya wengi waogopwe.
Nina faili la moshi, nina faili la radi,
minyororo saba ya dhahabu, saizi ya kila shingo,
simba mmoja aliyechoka, ambaye mwisho wa juma
humngurumia shetani kwenye bango la mchungaji
na Jumatatu hurudi kwa vijana wa rap, hata maji hajanywa.
Herufi za kuchuruzika damu, hizo natoa bure.
Gari ni la harusi ya mtu. Maua ya boneti nimeyafuta,
ila ukichungulia kioo cha pembeni
utepe mweupe ungalipo.

Sheria hizi hakuna aliyeziandika.
Anga iwe ya zambarau, mji uwe wa ng'ambo,
macho yakae nyuma ya miwani,
na meno, meno yasionekane kamwe.
Anayecheka hauzi.

Tatizo, Dramadri anacheka.
Picha zote mbili. Anacheka mpaka ufizi.

Nikamfunga mdomo: dakika arobaini, kipanya na subira.
Nikazishusha nyusi, nikamwaga kivuli
pale palipokuwa na kishimo cha shavu.
Nikaliondoa bega la mamake lililobaki pembeni,
na kitenge chake, ua baada ya ua.
Doa la kijani likagoma karibu na sikio;
nikaliita mwanga.

Akanitia spika moja sikioni ili nipate hisia.
Kiswahili cha kambini, kile baba zetu
walichokivua mlangoni pamoja na viatu.
Anaimba foleni ya kisimani. Anaimba mama
anayehesabu chenji gizani kwa ncha za vidole.
Hamna radi humo. Nikamwambia.
"Hayo ni ya ndani," akasema. "Ukutani weka ya kutisha.
Na mkono ushike pesa."

Hapo ndipo huwa nanyamaza.

Mkono ule mnaouona toka Wandegeya hadi Kalerwe,
ulioshika noti kama kamba ya ng'ombe mkaidi,
kwa Dogo Baruti, kwa Mfalme wa Kokoto, kwa wote,
ni wangu.
Nilijipiga picha mwaka wangu wa kwanza hapa. Sina hela.
Nimeshika vitabu vya risiti vya duka la saruji
nilivyovikata kwa kipimo cha dola.
Nikafuta rangi ya kucha, nikapanda vinyweleo,
nikachora mishipa, nikakinenepesha kiwiko.
Miaka kumi na mmoja umekuwa mwanamume,
na wenyewe haujalipwa.
Mkono mtupu haulambwi. Wangu umejaa kila ukuta
na sijaona ulimi.

Mabango mia mbili. Akalipa nusu.

Wiki mbili baadaye mamake akashuka basi la usiku kutoka Arua,
akapanda ngazi zetu na asali kwenye chupa ya soda,
akalisogelea bango kama asomaye matokeo ya mtihani.
"Nani kamuudhi?"
Nikasema ndio mtindo, mama, wote hununa.
Kidole chake kikateremka toka usoni hadi kwenye pesa.
"Na huu si wake. Wake una kovu la panga, hapa,
siku ya kwanza nilipompeleka kung'oa muhogo."

Akageuka. Akautazama mkono wangu juu ya kipanya.
Akalitazama bango. Akarudi kwangu.
Mashine ya jirani ilikuwa inapiga kalenda za mwaka ujao,
sikusikia kama alisema kitu.
Aliniwekea chupa kiganjani,
akavikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja,
na asali ilikuwa imechuruzika shingoni.