Magunia Tisa

Duka hili la Yombo Vituka halina mwenyewe,
yaani lina wenyewe mia moja na kumi na wawili,
nami ni namba thelathini na moja
katika daftari lililovishwa kipande cha kanga.

Hisa yangu niliilipa kwa vipande:
elfu mbili ya vitumbua,
mia tano ya nauli niliyoikatalia miguu yangu,
mpaka Sikudhani akagonga muhuri, akasema,
"Haya, na wewe sasa unadaiwa kufagia."

Jumanne ni zamu yangu ya mizani.
Napima dona, napima ulezi, napima mafuta ya ufuta
yaliyokamuliwa kwa Kondo, bado yana joto la kinu.
Mchicha ni wa Pazi, kule Msongola;
tulikwenda kumi, tukanywa maji ya kisima chake
kabla ya kuzungumza bei.
Asali ina nta, na mara nyingine mguu wa nyuki.
Mteja mmoja alilalamika. Nikamwambia,
"Ukiuona mguu, ujue nyuki alikuwepo."

Fundi cherehani wa jirani hana hisa.
Hununua robo ya unga kila jioni, kwa bei ileile yetu,
na kila jioni huuliza, "Hiyo faida mnaipeleka wapi?"
Swali zuri. Mwaka wa kwanza hatukuwa nayo.

Sasa nikuambie ya magunia tisa.

Masika yaliingia ghalani kwa tundu la msumari.
Kwa macho, mahindi yalikuwa mazima,
meupe kama meno ya mtoto.
Ila Ndeshi, anayenusa kila kitu kabla ya kusema shikamoo,
alitia mkono guniani, akanyamaza.
Tukapeleka kibaba maabara.
Karatasi ikarudi na neno moja: sumukuvu.

Mkutano ulifurika hadi barabarani.
Anyelwisye alisimama, mahesabu mkononi:
"Hii ni ada ya watoto wetu, jamani.
Sokoni wapo watakaonunua bila kuuliza.
Tuseme ni ya kuku, basi, yaishe."

Na mimi, nisijifanye msafi,
moyoni nilikuwa nimeshamkubalia.
Gawio langu nilikuwa nimekwisha kulitumia kichwani:
mabati mawili, na viatu vya Semeni.

Ndipo Sikudhani, asiyependa hotuba, akauliza,
"Na hao kuku, atakuja kuwala nani?"

Feni ikasikika.
Mikono ikapanda mmoja mmoja.
Wangu haukuwa wa kwanza.
Wa mwisho ulikuwa wa Anyelwisye;
aliunyanyua amekaa, huku anatazama pembeni.

Tuliyachoma nyuma ya ghala.
Moshi wake ulinukia jikoni, hilo ndilo lililoniuma;
tumbo halisomi karatasi za maabara, likaunguruma.
Watoto wa mtaa walikuja mbio
wakidhani tunagawa mahindi ya kuchoma.
Tukawafukuza kwa mitandio.

Hasara ikagawanywa kwa mia moja na kumi na wawili,
sawasawa, hadi shilingi ya mwisho.
Hilo ndilo lilikuwa gawio letu la kwanza.
Nikatia saini, kalamu ikikwaruza.

Wanne walijitoa. Siwalaumu.

Jumanne iliyofuata nilikuwa kwenye mizani,
bati limezibwa, chaga mpya chini ya magunia.
Fundi cherehani akaja, saa yake ileile.
Akatoa noti zilizokunjwa ndogo ndogo,
nyingi kuliko bei ya robo.
"Namba gani iko wazi?"

Nikafungua daftari. "Hamsini na nne.
Ila ina deni, la yale magunia."

"Najua. Moshi wake ulipita kwangu,
mpaka leo suruali za watu zinanukia."

Nikaandika jina lake lote, la baba na la babu.
Nikampimia unga wake.
Kisha nikampa ufagio.