Mita Sitini

Mama alishika ncha ya futi kamba.
Sikuwa na mtu mwingine. Jumamosi ile
Wivina, mwenzangu wa kundi, aliamka na homa,
na ripoti ilitakiwa Jumatatu saa mbili.
"Simama hapo, mama, maji yanapogusa nyasi."
Akasimama pekupeku, kanga ameikunja magotini,
akaibana ile sifuri chini ya kidole gumba cha mguu
kama anayezuia kifaranga.

Nikarudi kinyumenyume, futi ikitambaa kwenye umande.
Kumi: mivengi miwili, na kisiki cha wa tatu.
Kumi na tano: mfereji aliouchimba babu.
Ishirini na mbili:
kabichi ya kwanza ya mama.

Sheria tulifundishwa muhula wa kwanza
katika darasa la mabati pale Mafinga,
Juni, ukungu umeingia mpaka ubaoni,
mwalimu Chengula kajikunyata ndani ya koti, anasema, andikeni:
mita sitini kutoka kwenye maji,
hakuna kulima, hakuna kujenga.
Nikaandika. Nikapigia mstari kwa rula.
Mtihani ukaja na swali hilo, nikapata zote kumi.

Na ada ya muhula ule ililipwa na kabichi.
Fuso lilizibeba usiku,
asubuhi mama akanitumia namba ya muamala
na neno moja: Soma.

Mimi ni yule wa daraja la tatu.
Wenzangu walikwenda kidato cha tano na masanduku ya bati,
mimi nikaambiwa kuna chuo cha kati, kuna stashahada,
kuna mlango wa uani wa chuo kikuu.
Sikatai. Mlango wa uani ndio wa jikoni,
apitaye huko hujua kinachopikwa.
Najua kushika chupa ya sampuli bila kugusa mdomo wake,
kuielekeza mkondo unakotoka,
kungoja tope litulie ndipo nisome.
Wastani wangu ukifika tatu nukta mbili,
Oktoba nitakuwa Morogoro, kwenye joto,
nikiyaanza haya haya kwa majina marefu zaidi.

"Umepata ngapi?" mama akaita kutoka mtoni.
"Ishirini na mbili."
"Zinatosha?"
Kwake namba ama inatosha ama inapungua,
kama debe, kama nauli.
Nikasema hazitoshi. Nikamweleza sitini.
Hakukasirika. Alitazama maji, akatazama kabichi,
akainua kidole gumba, futi ikalegea mkononi mwangu.
"Njoo."

Nyuma ya milanzi kuna jiwe lenye mgongo laini.
"Hapa nilikuwa nafulia nepi zako."
Mjusi alikuwa anaota jua juu yake.
Kutoka pale mpaka majini nilihesabu hatua thelathini na moja,
na mimi si mfupi.
"Vinyungu vyetu vilikuwa kule juu," akasema,
"sisi hatukuusogelea mto.
Ulituacha, tukaufuata."

Kule juu sasa ni mikaratusi ya mheshimiwa,
imesimama kwa mistari kama wanafunzi paredi,
inakunywa.
Hakuna aliyenituma kuipima.

Usiku, kwa tochi ya simu, nikafika kwenye Mapendekezo.
Nikaandika "Wakulima", kalamu ikasimama.
Kijitabu cha mwongozo kilikuwa na kitenzi tayari: waondolewe.
Chumba cha pili mama alikuwa anakohoa,
anapanga magunia ya kesho.
Nikaruka mistari minne.
Kwenye ramani nikachora jiwe, duara dogo,
bila maelezo.

Ripoti ilirudi na sitini na nane.
Pale palipokuwa wazi mwalimu alipiga mkwaju mmoja.
Kando ya duara, kwa wino mwekundu, ameandika:
Jiwe hili la nini?

Nimeiweka kwenye bahasha ya vyeti.
Bado sijamjibu.