Akiba ya Mshono

Mwananuru alikuja Kibokoni saa nne asubuhi
na yadi tano za satini, rangi ya zambarau mbivu.
Nibane, akasema. Arusi ni Jumamosi, Majengo,
nataka waone kiuno kabla hawajasikia sauti.

Nikatoa futi.
Imba kidogo, nikupime kifua kikiwa kazini.
Akavuta pumzi: inchi thelathini na nane.
Akaitoa yote: thelathini na tano.
Nishone ipi?
Akajitazama kiooni.
Ile ndogo.

Mimi ni fundi, si mama yake.
Nikashona; cherehani ikaenda mwendo wa wimbo aliouacha chumbani,
mguu ukikanyaga pale dumbaki inapoangukia.

Jumamosi fidla ikamfungulia njia.
Kuna ile “aaa” ndefu ya kiitikio
ambayo marehemu shangazi yake akiishika
hadi chai inapoa vikombeni.
Mwananuru akaifikia, satini ikakataa.
Akaikata.
Kipande, kituo. Kipande, kituo. Kipande,
kama mtu anayeshuka ngazi na viatu vya visigino.
Mpiga fidla akadhani ni makusudi, akamfuata.
Ukumbi mzima ukasimama kumtunza.

Wiki ya pili walikuja watano.
Wiki ya nne sikuhesabu.
Hata Bi Shekue, asiyeimba hata akioga,
alitaka “ile ya kukata pumzi.”
Na waimbaji wa Likoni, ndani ya madera
yanayotosha watu wawili na mto wa kulalia,
nao wakaanza kuikatakata “aaa” yao.
Hakuna kilichowabana. Waliugua homa ya gauni la mtu.

Mtaa wa Biashara ikashuka leso mpya:
KUBANWA SI KUKOMESHWA.
Mwananuru akainunua, jina lake akalitia kwenye ubeti.
Basi sijui tena nani kamshonea nani.

Juzi amerudi usiku, buibui limelowa mvua,
gauni mikononi kama mtoto aliyelala.
“Fundi, jana nimeitafuta ile ndefu.
Nilikuwa jikoni, nimejifunga leso tu.
Sikuiona.”

Nikaigeuza satini ndani nje, nikamwonyesha:
inchi moja na nusu kila ubavu,
nilizozikunja kimya tangu siku ile.
Akiba, mwanangu.
Nikashika wembe. Uzi wa kwanza ukakatika,
na kabla sijaufikia wa pili
alikuwa keshavuta pumzi.