Nakala Tatu

Mashine yangu ipo mkabala na lango la mahakama, Kakamega,
kati ya muuza miwa na kamishna wa viapo.
Ukurasa shilingi tano. Kupiga chapa, hamsini.
Sisomi ninachonakili; ndiyo sheria yangu,
maana karatasi za watu ni kama vyumba vyao vya kulala.

Roselida Muhonja alikuja Jumatatu ya mvua,
faili ndani ya mfuko wa unga, mfuko ndani ya leso,
viatu vimebeba nusu ya njia ya Shinyalu.
"Nakala tatu," akasema. "Moja ya jaji,
moja ya kaunti, moja yangu ya kuzeeka nayo."
Akahesabu sarafu za mboga, zinanuka mrenda,
akadai risiti.
Ya shilingi mia mbili na kumi! Nikacheka.
Hakucheka. Nikaandika.

Nilivunja sheria yangu kwenye ukurasa wa tatu.
Chemchemi ya Mukhuyu, yasema kaunti, imejengewa ukuta,
mabomba mawili, ngazi za zege, uzio wa waya:
milioni tatu, laki mbili na elfu arobaini.
Kazi imekamilika.
Kisha picha ya simu ya mwanawe Roselida:
ndoo ya njano, jani la mgomba limegeuzwa mfereji,
na ng'ombe anakunywa upande wa juu.

Mwaka ukaishia kwenye tarehe za kutajwa.
Leo wakili wa kaunti ana homa.
Leo jaji yuko semina, Naivasha.
Leo faili haionekani; leo imeonekana, siku imekwisha.
Shemejiye alimuuliza mbele ya watu
kama hizo milioni zilikuwa zake.
"Robo kibaba," akajibu. "Naidai hiyo hiyo."

Kila aliporudi alidai risiti.
Niliacha kucheka. Nikataka kumsamehe nakala ya tatu,
akakataa: "Niandikie yote, Lihanda.
Nataka kujua haki inauzwa bei gani."

Mwezi Machi jaji alichoka kungoja.
Siku kumi na nne, akaamuru, leteni stakabadhi zote.
Zikaja siku ya kumi na nne, saa kumi na dakika hamsini,
kurasa mia moja na sita, akaniletea nizinakili.

Risiti ya mchanga. Risiti ya waya. Risiti ya kokoto.
Taa inapita chini ya kioo, inarudi,
kijani, kijani,
na kwenye ukurasa wa sabini na moja ikapita chini ya jina langu.

LIHANDA FOTOKOPI NA VIFAA, sanduku la posta lile lile,
muhuri wangu wenye herufi D iliyomeguka:
simiti, mifuko mia nne, imelipwa taslimu.

Mimi, ambaye simiti ya sakafu hii bado naidaiwa.

Nikamkumbuka kijana mwenye tai, Novemba,
aliyenunua kalamu mbili akaomba risiti tupu,
"ya ofisi tu, mzee," nami nikagonga muhuri,
nikashukuru kwa hamsini ya ziada.

Kurasa zilizidi kutoka, zina joto kama mkate.
Roselida amesimama pale, anafuta miwani kwa pindo la leso.
Ningeweza kuukunja ule mmoja.
Kati ya mia na sita, nani angehesabu?
Yeye. Yeye angehesabu.

Kamishna wa viapo ni jirani yangu mwaka wa tisa;
hajawahi kuniona upande huu wa meza.
*Mimi, Aineah Lihanda, mtu mzima mwenye akili timamu...*
Nilieleza yote, pamoja na ile hamsini.
Akagonga muhuri wake. Akanitoza bei ya watu wote.

Hukumu ni tarehe tisa mwezi ujao, isipoahirishwa.
Jani la mgomba bado lipo chemchemini.
Juzi usiku lori lilimwaga mchanga pale, likaondoka taa zimezimwa.
Roselida ameupiga picha, amelipima lundo kwa hatua zake,
na asubuhi hii yupo mlangoni, mfuko wa unga kwapani.

"Nakala tatu," anasema.
Naandika risiti kabla hajaidai.