Daftari la Namba

Nililidanganya daftari mwaka mzima.
Sita nukta mbili, sita nukta tano,
kalamu moja, siku thelathini kwa mkao mmoja,
asubuhi ya kliniki, nje ya geti la Kitete.
Mimi muuza asali, mwana wa mrina asali wa Sikonge,
nimwambie nani kwamba damu yangu imekuwa mzinga?

Mnasihi, Bi Nyamizi, alifunua kurasa taratibu.
Hakunifokea. Hakutaja miguu ya watu iliyokatwa.
Akauliza tu: "Mzee Mihayo, mkono wako huendea kopo saa ngapi?"

Nikacheka.
Kisha sikucheka.
Saa nne usiku. Saa ambayo Kalunde wangu
alikuwa akikohoa upande wa ukutani,
nami nikimkorogea asali kwenye maji ya moto.
Siku hizi nakoroga, nakunywa mwenyewe.

"Basi andika hilo," akasema. "Namba zitafuata."

Tangu hapo, saa nne ikigonga navaa kandambili,
natembea hadi stesheni, narudi.
Kuna usiku treni ya Kigoma imechelewa, nami nachelewa nayo.
Kuna usiku siendi. Nalamba kijiko, naandika: nimelamba.

Leo kidole kimetoa tone,
mashine ikafikiri, ikasema kumi na moja nukta nne.
Mbaya.
Nimeiandika kama ilivyo,
kwa mwandiko wangu mbovu, wino ukivuja,
namba ya kwanza ya kweli humu ndani.