Safu ya Maoni

Jina la Nyanzobe Kasanzu halienei kisandukuni.
“Kasa” limebaki juu, “nzu” limedondokea chini,
mstari umevimba, na Kapela wa mwisho
kasukumwa ukurasa wa pili, peke yake,
na ndoo zake tatu za asali.

Nimebana nafasi za mistari. Wapi!
Nimepunguza herufi. Katibu kaguna:
wazee wataisoma kwa darubini?
Na umeme wa Sikonge hauna subira.

Ndipo nikaiona safu ya Maoni,
pana kama uwanja wa mpira, tupu tangu Januari.
Nikaushika mpaka wake kwa kipanya,
nikausogeza kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi.

Nyanzobe kaenea. Kapela karudi kundini.

Maoni yamebaki wembamba wa kidole.
Basi. Nani aliwahi kutuuliza?